Kwa Umri Wako

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, bila radi wala ngurumo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la kazi kwa sababu jambo lenyewe sitaki kulisema kwa mdomo kwanza.

Nina kivimbe kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Ukubwa wa punje ya mahindi. Hakiumi. Mtu mwingine angekipitia tu wakati wa kuoga, lakini vidole hivi vimekaa miaka hamsini na mbili matumboni mwa vyerehani, na kitu kisichokaa mahali pake vinakijua kabla yangu mimi. Nimekibonyeza mara tatu. Mara ya tatu nilitumaini kimehama.

Jumanne, 5 Machi

Kipo.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwambia mkwe wangu, mke wa mwanangu, tukiwa tunaanua nguo. Nikamwomba akae nalo kidogo. Chai haijapoa mwanangu keshajua. Alikuja karakanani, yaani chumba cha mbele ninamotengenezea vyerehani vya watu, akasimama mlangoni kama mteja aliyesahau alicholeta.

"Mama, Jumatatu tunakwenda hospitali."

Mwanangu ni mwalimu wa udereva. Hata akizungumza mguu uko kwenye breki.

Jumatatu, 11 Machi

Kliniki ya saratani iko mwisho wa korido, baada ya chumba cha kufulia mashuka. Mabenchi manne, watu wa mabenchi tisa. Nilibanwa kati ya mwanangu na binti mmoja mwembamba, mwalimu wa chekechea, aliyekuja na mama yake. Kabla sijaitwa nilikwisha kujua ana miaka ishirini na tisa, ana mume anayefanya kazi mbali, ana uvimbe titi la kulia, na wanafunzi wake wanamwigiza anavyopiga chafya. Nimempa jina Chiriku. Nilipomwambia alicheka mpaka muuguzi akatugeukia.

Bingwa wa hapo wauguzi wanamwita Daktari Mkubwa, si kwa umbo bali kwa cheo. Hakuinua macho.

"Ana miaka mingapi?"

"Sabini na sita," mwanangu akajibu.

"Anatembea mwenyewe?"

"Nimo humu ndani, daktari," nikasema.

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka ili nisionekane mkorofi. Akanichoma sindano nene, akachukua kinyama cha kupima. Tumeambiwa wiki mbili.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Vyerehani viwili. Kimoja mkanda tu.

Jumapili, 17 Machi

Ukuta wa karakana umeanza kutoa doa la unyevu, chini, karibu na mlango. Nimesogeza vyerehani katikati ya chumba.

Jumatano, 27 Machi

Majibu yametoka.

Tulipokaa tu, Daktari Mkubwa akamwambia muuguzi anipeleke nikapimwe uzito. Nilikuwa nimepimwa asubuhi ileile, namba imeandikwa kwenye kadi yangu. Nikapimwa tena. Muuguzi alisoma mizani polepole kama anasoma barua. Niliporudi mwanangu alikuwa akirudisha kalamu mfukoni.

"Mama," daktari akasema, kwa sauti ile wanayotumia watu kumwongelesha mtoto aliyeanguka, "ni saratani, lakini isikutie hofu. Kwa umri wako ugonjwa huu hutembea kama kinyonga. Nakupa vidonge, kimoja kila siku. Vitautuliza."

"Hakuna kukata?"

Akamtazama mwanangu. "Kwa umri wako hatuna haja ya kukusumbua."

Basi nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru. Nani anapenda kukatwa?

Nje Chiriku alikuwa akilia begani kwa mama yake. Yeye ameambiwa atafanyiwa yote: dripu za dawa kali miezi minne, kisha upasuaji, kisha mionzi. "Amesema kwa umri wangu huu hatubakizi kitu, bibi." Mama yake akampangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anafuta meza. "Wewe bado mdogo. Utavumilia."

Njiani nilifikiri: huyu wanampigania. Nikaona wivu. Mwanamke wa miaka sabini na sita, kumwonea wivu mtoto anayelia. Naliandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatatu, 1 Aprili

Kidonge cha tano. Jasho jingi. Punje ni ileile.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemkuta mwanangu anabeba cherehani cha kiwandani cha mteja wangu mmoja, fundi wa makoti, anakirudisha kwenye gari. Amemwambia mwenyewe siku hizi sipokei vizito.

"Nani amesema sipokei?"

"Mama, pumzika."

Kigoda changu kirefu nacho kimetoweka. Mkwe anasema ningeweza kuanguka. Nimekikalia tangu yeye hajazaliwa.

Alhamisi, 11 Aprili

Wageni. Jirani wa nyuma, mke wa fundi bomba, binamu ambaye hajakanyaga hapa tangu mazishi ya mume wangu. Wanakaa, wanasema nimependeza, wanamtazama mkwe, wanaondoka. Kwa mtu anayeambiwa ugonjwa wake ni kinyonga, natembelewa mno.

Jumatano, 17 Aprili

Kliniki. Dakika nne. "Tuendelee na vidonge."

Chiriku amepata dripu mbili. Kichwa kimebaki kama yai, naye amejichora nyusi kwa wanja ili wanafunzi wasiogope. Alinionyesha kucha: nyeusi, kama zimebanwa na mlango. Vidole vinamwaka moto, hawezi kufunga vifungo vya blauzi. Mama yake humfungia. Anataka kumwomba daktari aruke wiki moja apate nguvu. Mama yake akadakia kabla daktari hajasikia: "Kupumzika ni kwa wazee. Wewe utapumzika ukipona."

Akaniangalia, akaona aibu. "Samahani, mama."

"Hukukosea," nikamwambia. Alikuwa amekosea, lakini uso wake ulikuwa umekauka kwa kukosa usingizi.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Mtaro wa mbele umejaa taka, maji yanapanda kizingiti kisha yanarudi, yanapanda, yanarudi. Doa la ukutani limefika kiunoni kwangu.

Jumanne, 30 Aprili

Si punje tena. Ni kifungo cha koti.

Nimesimama mbele ya kioo nikiwa nimeinua mkono. Ngozi imevutwa kwa ndani, imekunjamana, kama kitambaa kilichopitiwa na uzi uliokazwa kupita kiasi. Nimewarekebishia watu kosa hilo mara elfu. Unalegeza skrubu ndogo, robo mzunguko, basi.

Kwapani pia kuna kitu. Kidogo. Nimewaita wote wawili waone. Mkwe alishika mdomo. Mwanangu alitazama ukuta.

"Daktari alisema kitatulia," akasema.

"Kimetulia wapi?"

Akatoka. Nilisikia gari linawashwa, halafu sikusikia likiondoka.

Jumamosi, 4 Mei

Nimemaliza cherehani cha mjane wa fundi viatu kwa siri, mkwe alipokwenda sokoni. Mikono haijasahau kitu. Nafikiri mwanangu amenichoka. Nimelizungusha wazo hilo kila upande na halina upande laini.

Alhamisi, 9 Mei

Leo niandike kwa utaratibu.

Daktari Mkubwa yuko likizo. Tumemkuta daktari mgeni, mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, matope mpaka kwenye kifundo cha mguu kama sisi wote. Mwanangu alikuwa bado anatafuta pa kuegesha gari. Daktari akaniamkia, akauliza mambo ambayo hospitalini sijawahi kuulizwa.

"Nani anakupikia, mama?"

"Zamu zamu, mimi na mkwe."

"Nani anakuogesha?"

"Aniogeshe nani? Mimi ni mtoto?"

Akatabasamu. Akaniambia niinuke kitini bila kushika, nitembee hadi dirishani, nirudi, nikae. Akatazama saa. Akanipa maneno matatu niyaweke: kiti, funguo, ndizi. Akanipandisha ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, yeye nyuma yangu, tukashuka. Yeye ndiye aliyehema. "Yale maneno?" akauliza. Nikamwambia kiti nimekikalia, ndizi sijaiona, na funguo amwulize mwanangu.

Akanipima titi na kwapa kwa muda mrefu. Hakutabasamu tena.

"Mama, mbona ulikataa upasuaji?"

"Nilikataa lini?"

Akafungua faili, akaligeuza upande wangu, akaweka kidole. Tarehe 27 Machi. *Mgonjwa na familia wameelezwa. Wamekataa upasuaji. Kwa kuzingatia umri, vidonge pekee.* Chini yake saini ya mwanangu, yenye mkia mrefu aliojifunza darasa la tano akaniletea nyumbani nimsifie.

Nikasoma mara mbili. Maandishi yalikuwa safi kabisa.

"Ningekatwa siku ile," nikauliza, "ingekuwaje?"

Akaitazama tena ile tarehe. "Siku ile kilikuwa kidogo, na kwapani hapakuandikwa kitu. Leo lazima tupime upya. Siwezi kukuambia zaidi ya hapo, sitaki kukudanganya."

Mlango ukafunguliwa, mwanangu akaingia akikung'uta maji. Akaliona faili limegeukia wapi. Njia nzima mvua ilipiga kioo cha gari, vifutio vikaenda na kurudi, naye aliendesha kama siku ya mtihani.

Ijumaa, 10 Mei

Sikuzungumza naye.

Jumamosi, 11 Mei

Wala leo.

Jumapili, 12 Mei

Amekuja mwenyewe karakanani mchana. Akachuchumaa karibu na ukuta mbovu, mtu wa miaka hamsini na moja, akaanza kubandua rangi iliyovimba kwa ukucha.

"Umenichoka," nikasema. "Sema tu. Nimeshajizoeza kulisikia."

Akageuka kama nimempiga kofi. "Nimekuchoka? Mama! Baba alisainiwa na nani?"

Sikumwelewa.

"Mkono wa baba ulikuwa unatetemeka, hakuweza kushika kalamu. Wewe ulikuwa umekwenda kuleta shuka. Wakaniambia saini hapa, ni upasuaji mdogo wa utumbo, ana miaka sabini tu, atauweza. Nikasaini. Akaingia anamtania muuguzi. Hakuamka." Akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama. "Miaka kumi na miwili, mama. Daktari Mkubwa aliponiambia wewe una miaka sabini na sita na unaweza kubaki mezani, na kwamba kuna vidonge, mimi nilisikia vidonge tu. Nikamwomba asikuambie lile jingine. Nilijua utachagua kisu."

Miaka kumi na miwili tumekula meza moja na sikujua amebeba hilo. Nilimdhania mtu wa breki kwa kuzaliwa. Nilitaka kumshika kichwa kama zamani. Nikamshika. Alilia kwa sauti, na mkwe akaja mpaka mlangoni, akarudi.

Alipomaliza nikamwambia, "Nimekuelewa. Ulinihurumia. Lakini umeniibia."

"Nimekuibia nini?"

"Wiki sita na siku nne."

Jumanne, 14 Mei

Daktari Mkubwa amerudi. Safari hii mwanangu alikaa nje, nilimwambia mimi.

"Mama, nimesikia malalamiko yako. Lakini kwa umri wako, moyo..."

"Umeusikiliza moyo wangu, daktari?"

Kifaa cha kusikilizia kilikuwa shingoni mwake. Miezi miwili na siku tatu, hakikuwahi kunigusa kifuani.

Si mtu mbaya. Nilimtazama vizuri leo: macho mekundu, rundo la mafaili linafika kidevuni, na nje mabenchi manne. "Wagonjwa ni wengi, mama," akasema taratibu. "Nikifungua faili, umri ndio kitu cha kwanza ninachokiona. Wakati mwingine huwa ndio cha mwisho." Akavaa kile kifaa, akasikiliza. Akaandika nipimwe moyo, damu na mapafu.

Jumatatu, 20 Mei

Moyo mzima. Mapafu mazima. Upasuaji Jumanne ijayo.

Jumatano, 22 Mei

Chiriku amelazwa. Nilimkuta chumba cha peke yake, na muuguzi akanivalisha barakoa mlangoni. Dripu ya nne imemaliza kinga yote mwilini, na homa imeingia. Wanja wa nyusi umefutika. Mama yake alikuwa kona, ameshika soksi za mtoto wake, anazikunja, anazikunjua.

Nilidhani amelala. Akafumbua jicho moja.

"Bibi, nasikia umekubaliwa kukatwa?"

"Nimekubaliwa."

"Hongera." Akacheka kidogo, kicheko kikawa kikohozi. "Hebu nikopeshe miaka yako thelathini tu. Waniache nilale."

Mama yake alitazama soksi.

Jumamosi, 25 Mei

Chiriku amefariki asubuhi. Mvua haikunyesha.

Jumatatu, 27 Mei

Nimesaini. Mkono wangu, kalamu yangu. Mwanangu alisimama kando, mikono nyuma kama mwanafunzi. Daktari mgeni alinisomea kila mstari, hadi ule unaosema naweza nisiamke. Nikamwomba ausome tena. Nilitaka kuogopa kwa ukamilifu, si nusu nusu.

Alhamisi, 6 Juni

Niliamka. Mkono wa kushoto hauinuki, kifua kimebana kama kimeshonwa na mwanafunzi, na sijawahi kufurahia uji wa hospitali kiasi hiki. Mwanangu hakwenda kazini siku tisa. Nikifumbua macho namkuta anahesabu pumzi zangu, midomo inacheza.

Jumatatu, 10 Juni

Majibu ya kilichotolewa. Daktari Mkubwa aliyasoma mwenyewe, mgeni pembeni. Tezi kumi na nne za kwapa zimetolewa, tisa zina ugonjwa.

"Hii ndiyo shida ya kuchelewa kuja, mama," akasema. Nadhani ni sentensi anayoisema kila siku, ilimtoka tu.

"Nilikuja tarehe kumi na moja Machi, daktari. Kwako wewe."

Karatasi ikabaki hewani. Kisha akaiweka mezani, akainyoosha kingo kwa viganja viwili, akasema, "Ni kweli." Halafu akasema, "Nisamehe." Sikutegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira na nikakosa pa kuiweka.

Daktari mgeni ndiye aliyeendelea. Mionzi, ndiyo, ananishauri, na vidonge vya aina nyingine. Kuhusu dripu akasema wazi: zinaweza kunisaidia, si kwa hakika, na tezi zikiwa tisa faida yake si ndogo ya kupuuza. Zinaweza pia kuniletea homa kali. Na vidole vyangu vinaweza kufa ganzi, pengine visirudi.

"Kwa umri wangu," nikasema.

"Kwa mwili wako na kazi yako," akasema. "Wewe unataka nini?"

Nimezaa, nimezika, nimefunza wanawake kumi na saba ufundi, na hilo swali lilinikuta sina jibu mkononi. Nikaomba siku mbili.

Jumatano, 12 Juni

Mwanangu amegeuka. Sasa ndiye anayetaka kila kitu. Ameuliza kwa watu, amesoma, ameleta karatasi. "Twende mpaka mwisho, mama. Tusibakize kitu." Maneno yaleyale ya mabenchini. Namuona anavyotaka kulipa zile wiki sita, kwa mwili wangu.

Nimekaa na cherehani wazi mbele yangu tangu asubuhi. Ukitaka kujua kama kijino kinachosukuma kitambaa kimelika huwezi kuona kwa macho, lazima ncha ya kidole ipite juu yake. Nimeipitisha. Nikamkumbuka mtu anayefungiwa vifungo.

Nimemwambia: mionzi, ndiyo. Vidonge vipya, ndiyo. Dripu, hapana.

"Mama! Mwezi uliopita uliacha kusema nami kwa kunyimwa matibabu. Leo unakataa?"

"Mwezi uliopita sikukataa mimi."

Akazikusanya karatasi zake. "Na ukifa?"

"Nitakuwa nimekosea. Kosa langu."

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, mionzi inaanza saa ngapi ili apange ratiba ya wanafunzi.

Jumatatu, 24 Juni

Mionzi siku ya tano. Mvua zimekwisha, naona. Picha waliyopiga imeonyesha kivuli ubavuni. Daktari mgeni anasema yawezekana ni jeraha la zamani, yawezekana si jeraha. Watapiga tena baada ya miezi mitatu. Nilimwambia mwanangu yote, neno kwa neno, kabla hatujafika garini. Simfichi kitu, na yeye asinifiche.

Jumamosi, 29 Juni

Leo nimekwenda kwa mama yake Chiriku. Nilichelewa, ndiyo, lakini nilitaka kwenda kwa miguu yangu. Mwanangu alibaki garini.

Amepungua. Alinikaribisha, akanikalisha, akakaa mbele yangu. Viatu vya binti vilikuwa bado mlangoni. Akatazama upande wa kifua changu uliobaki bapa.

"Una miaka mingapi, mama?"

Nilikuwa nimeogopa swali hilo njia nzima. "Sabini na sita. Sabini na saba mwezi wa nane."

Akatikisa kichwa taratibu, si kwa chuki. Alikuwa akipiga hesabu, na hesabu ilikuwa inamkatalia.

"Aliniomba wiki moja," akasema. "Wiki moja tu. Nikamwambia atapumzika akipona. Ningempa, angekuwa hai?"

Ningeweza kusema ndiyo, maana niliona dripu zilivyommaliza. Ningeweza kusema hapana, maana alikuwa mama. Yote mawili niliyaona tayari ulimini.

"Sijui," nikamwambia. "Hata mimi zile wiki zangu sijui."

Alishika magoti yake. Kisha akainuka, nikadhani ananitoa. Akafunga dirisha lililokuwa likiingiza vumbi, akarudi, safari hii akakaa upande wangu, bega kwa bega kama mabenchini. Tulikaa hivyo mpaka mwanangu alipokuja kubisha hodi, na yeye akamwambia aingie, angoje, bado hatujamaliza.